Meno Aliyemsalimia Mama Mkwe Mara Mbili

“Testa ni ya watu wanaouogopa umeme. Mimi, umeme ndio unaniogopa.”

Maneno hayo Meno aliyatamka kwenye duka la vifaa vya umeme, mchana kweupe, mbele ya wateja waliobanana hadi mlangoni. Muuzaji alikuwa amemwekea testa, bisibisi ya kupimia kama waya una umeme, juu ya kaunta, pembeni ya rola la waya na mabomba ya plastiki, akamshauri achukue na hiyo. Meno akaisukuma kwa kidole kimoja, kama mtu aliyeletewa chai yenye nzi. Kisha akachukua ncha ya waya, akaitia mdomoni, akaimenya ganda kwa meno na kulitema kando. Watu wakacheka. Jina lake lilitokana na mchezo huo huo, na mtu pekee ambaye halikuwahi kumchekesha ni mkewe.

Vifaa vilikuwa vya nyumbani kwa mama mkwe. Wezi walikuwa wameruka ukuta wakang'oa pampu ya maji, mama akiwa ndani peke yake, anasikia kila nati inavyofunguliwa na hathubutu hata kukohoa. Tangu siku hiyo alikuwa akilala na viatu. Mkewe Meno akanunua kamera za nje, akamkabidhi mumewe na kumwambia anataka kuona mama yake analala miguu mitupu kama binadamu wengine.

Basi Meno yuko juu ya ngazi ya chuma, ubavuni mwa nyumba. Miguu ya ngazi imezama kwenye tope lililoachwa na bomba la pampu iliyoibwa. Kamera imeshafungwa chini ya paa, inamkodolea jicho lake moja. Imebaki kuichukulia umeme kwenye boksi la taa ya nje, na kwa hilo ni lazima swichi kuu izimwe. Swichi iko koridoni, karibu na friji, na aliyesimama hapo ni mama mkwe. Meno alikuwa amemwonyesha kabla ya kupanda. Yeye aliamini amemwambia azime akishapanda. Mama alielewa asubiri kuambiwa.

Na mama mkwe hapigiwi kelele. Angekuwa fundi mwenzake, Meno angemfokea mpaka majirani nao wazime. Kwa mkwe, alishusha sauti ikawa kama ya mtu anayeomba chumvi.

“Mama, umezima?”

Ndani, nyuma ya ukuta, mama alisikia mkwewe akimuuliza: u mzima? Alishangaa kidogo, maana asubuhi walishajuliana hali, lakini akaona kweli binti yake kaolewa na mtu mwenye adabu. Akajibu kwa moyo wote:

“Ni mzima, mwanangu.”

Kule juu ya ngazi jibu likafika limeungana: nimezima, mwanangu.

Meno akafungua boksi. Akabandua utepe wa zamani, akalegeza skrubu kwa bisibisi, akauvuta nje waya unaotoka ndani. Ncha yake ilikuwa imeungua, nyeusi tii, haifai kuungwa mpaka imenywe upya. Mkono mmoja umeushika waya kwenye ganda, mwingine umeikamata ngazi. Akausogeza mdomoni. Jasho likamwingia jichoni, akasita, akajifuta kwa bega. Akausogeza tena. Akafungua kinywa.

Friji likakohoa, likaanza kunguruma.

Friji lile alilitengeneza mwenyewe, na kikohozi chake anakijua. Friji halingurumi kwa hisani.

Meno hakufunga kinywa. Hakuthubutu kusogeza hata ulimi. Kuuachia waya hawezi, utarudi na kuigusa ngazi, naye yuko juu ya ngazi. Kushuka nao hawezi, ni mfupi. Ncha ile nyeusi ikawa inacheza mbele ya midomo yake. Polepole akaisogeza mbali, akaita. Hata hapo, heshima ilikuwa bado haijamwachia koo.

“Mama, umezima kweli?”

“Ni mzima kabisa, mwanangu. Wewe je?”

Ni ile *wewe je* iliyomfumbua macho. Mtu aliyezima swichi hakuulizi hali yako.

“Mama, kata umeme. Shusha swichi chini, sasa hivi.”

Alipiga ukelele kama mpiga debe, mara ya kwanza tangu aoe. Kisha viatu vikaburuzika sakafuni, taratibu, kwa hatua za mtu aliyeumia moyo. Swichi ikalia ta. Friji likanyamaza.

Meno aliufunga waya kwa utepe, akashuka, akakaa kwenye tope. Mama akatoka nje na kumuuliza amekosa nini: asalimiwe kwa upole kisha afokewe? Meno akamweleza, neno kwa neno. Mama akatazama ngazi, akatazama boksi, akajishika mdomo.

“Kwa hiyo mimi ndiye ningekuua,” akasema. “Kwa salamu.”

Meno akamwomba asiiguse swichi mpaka arudi, akaenda dukani na suruali yake ya tope. Mmoja wa wale wateja waliocheka alikuwa bado kaegemea kaunta. Akamuuliza kama umeme umeacha kumwogopa.

“Tumeheshimiana,” Meno akasema, akamwonyesha muuzaji kwa kidole testa iliyokuwa rafuni.

Testa ni shilingi elfu tatu tu.