Mafuta ya Nyonyo Kwenye Waya

Mama yangu alikuwa na chupa ya mafuta ya nyonyo, na kila kitu kwetu Isansa kilipakwa: miguu yetu, ngozi ya kulalia, bawaba za mlango, hata sikio la babu lilipouma (likapona, au babu alichoka kupakwa, sijui). Basi nilipokuwa fundi baiskeli nami nikawa mtu wa mafuta, ndiyo maana aibu yangu, niliyoificha mpaka mvi, naianzia kwa mama, maskini, asiye na kosa.

Miaka ya mwisho ya Mwingereza nilipata kibarua kwenye karakana ya Mzungu mmoja Mbozi, aliyeleta mashine ya kuchomelea ya aina mpya, waya unatoka wenyewe, vigurudumu viwili vinaubana na kuusukuma ndani ya mpira mrefu hadi kwenye kimdomo cha shaba. Fundi Silwimba, mkubwa wangu, aliniambia, "Waya ukikwama, tazama mdomo kwanza." Nikaitika ndiyo, ndiyo.

Siku moja yeye yuko Tunduma, akaja Mama Sekela, mjane wa kijiji cha Hasamba, mkono wa mashine yake ya kumenyea kahawa umekatika, na kahawa yote aliyochuma kaja nayo kwenye magunia, na kahawa mbivu isipomenywa siku ile ile inachacha, imekwisha hiyo.

"Mngoje Silwimba," wakasema watu waliopanga foleni na vyombo vyao vibovu.

"Silwimba wa nini?" nikajibu mimi.

Waya ukatoka kidogo, ukakwama. Nikatoa chupa yangu, nikaupaka nyonyo. Vigurudumu vikateleza, nikavikaza kwa nguvu zangu zote, waya ukaacha njia ukafumuka pembeni, mizunguko juu ya mizunguko, ukaninasa suruali mbele ya wanawake wote wa foleni.

"Fundi, unatufumia kikapu?" mmoja akauliza.

"Kitie na mfuniko basi, shemeji!" mwenzake akadakia.

Jioni Silwimba akafika, akafungua kimdomo, akakwangua chembe ya chuma ndogo kama mtama. "Ni hii tu." Kisha akanusa vidole. "Nani katia mafuta humu?" Mpira wote uoshwe kwa petroli, kazi mpaka kesho. Magunia yalishaanza kunuka.

Mama Sekela akanitazama. "Haya, mwanangu, ulitaka kunisaidia." Afadhali angenitukana. Tangu hapo sijagusa kitu nilichoambiwa nimngoje mwenye kukijua.

Nikaweka chupa chini, nikasema naenda kujisaidia mara moja, nikapita nyuma ya karakana, nikashika njia ya Isansa. Sikurudi.