Kidole Mdomoni mwa Chupa

Kumekucha, watafiti wengi hawajafika, na Mama Chupa yuko kwenye sinki la maabara, mikono imezama kwenye povu. Anasugua chupa za kioo, anazisuuza, anazipindua zichuruzike. Siku nyingine huimba. Leo haimbi, maana leo majibu yanatoka.

Jina hilo la utani alipewa na walinzi. Zamani alikuwa muosha vyombo hotelini, na huko ndiko alikojifunza kupitisha kidole kitupu mdomoni mwa glasi. Ikilia kwii, imetakata.

“Glavu haihisi kitu,” anasema. “Mimi naamini kidole changu.”

Chupa hizo hutumiwa na mtafiti mmoja, binti aliye rika la kitindamimba wake, anayechunguza uhai ulivyoanza. Asidi amino, vijenzi vya protini, zikishikana hufanya mnyororo uitwao peptidi, lakini ndani ya maji hazishikani kirahisi. Kwa hiyo binti huifunga kila moja kwenye kiungo chenye salfa, na muungano huo ndio thioesta. Salfa ikiachia, asidi amino hudaka jirani yake, humo humo majini.

Peptidi zilipatikana, watu wakapongezana. Kisha kwenye chupa ya kulinganishia, ya maji matupu, isiyotiwa kitu, zikaonekana asidi amino. Ngozi ya binadamu imejaa hizo, ukigusa tu unaziacha. Kazi yote ikatiliwa shaka.

Ndipo chupa zikagawanywa. Nusu akaosha Mama Chupa kwa mtindo wake, nusu muosha chupa mwenzake, bila kuvua glavu. Msimamizi wa maabara hakumung'unya maneno: atakayebainika anachafua, kazi hana.

Yule mtafiti, aliyekesha akipima chupa hizo, anatoka chumba cha mashine akitabasamu. Anapomwona Mama Chupa, tabasamu linamwisha.

“Za mwenzako ni safi, mama. Na peptidi bado zimo. Ni zetu kweli.”

“Na zangu?”

Binti anatikisa kichwa.

“Basi ni mimi,” anasema Mama Chupa, na kufunga bomba. Inauma kumtazama. Kidole alichojivunia miaka yote ndicho kilichomponza.

Anavua aproni, anaikunja taratibu. Hajakata tamaa kabisa.

“Nitajizoeza nyumbani, hata vikombe vya wajukuu nitaviosha na glavu. Nikishazoea nitarudi kuomba. Utanisemea, mwanangu?”

“Nitajaribu, mama.”

“Usijaribu. Nisemee.”