Kiti cha Kulia cha Desmond Harrick

Desmond Harrick alizaliwa Queensland, Australia, mtoto wa mkata manyoya ya kondoo. Yeye na kaka yake Alec walipiga muziki wa blues kwenye baa za barabarani, magitaa mawili na sauti moja, hadi siku gari lao lilipopinduka nyikani na Alec akafa. Desmond akahamia Marekani. Mwaka 2014 alikuwa Louisville, wiki nzima akipanga maboksi ghalani, wikiendi akipiga gitaa.

Hapo ghalani alimpata Gaudiosi, Mrundi aliyejifunzia gitaa kwenye kwaya ya kambi ya wakimbizi, Tanzania. Wakaanza kusafiri pamoja. Desmond alikuwa na sharti moja: jukwaani viti viwe vitatu, na cha kulia kisikaliwe na mtu.

Gaudiosi alidhani ni kumuenzi marehemu tu. Kisha wakapiga Jumapili mchana kwenye baa moja ya mtaa wa Linden, mjini Columbus, naye akarekodi kwa simu. Aliporudi nyumbani alimsikilizisha mkewe, Flavia. Flavia akaacha kumenya ndizi.

"Baba Isaro, huyo wa tatu ni nani?"

"Tulikuwa wawili, Mama Isaro."

"Hebu sikiliza. Wewe huyu. Mzee huyu. Na huyu anayewajibu?"

Gaudiosi akasikiliza tena. Gitaa la tatu lilikuwepo, likichelewa kidogo, kama mtu anayeikumbuka njia.

Alikaa na jambo hilo bila kumwuliza Desmond. Majira ya baridi wakaenda kupiga mjini Buffalo. Theluji ilikuwa nyingi, ukumbini watu wachache. Desmond alikuwa amepauka.

"Leo kaa wewe pale," alisema. "Nimechoka kumwachia nafasi."

Gaudiosi akakaa. Kiti kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Vidole vyake vikaanza wimbo asioujua kabisa, na Desmond akauimba hadi mwisho, machozi yakimtiririka.

"Tulikuwa tunautunga garini siku ile," alimwambia baadaye. "Hatukuumaliza."

Desmond hakupanda jukwaani tena. Alirudi kwao, akawa fundi wa pampu za maji mashambani. Akipiga simu husema sasa analala vizuri.

Gaudiosi hamwambii yanayompata yeye. Wakati mwingine, akiwa kazini anaziba maboksi, vidole huanza wenyewe kutafuta nyuzi. Hukunja ngumi, akasubiri vitulie.