Mwanafunzi Aliyeomba Afelishwe

Umeshawahi kusikia mwanafunzi anampigia mhadhiri simu huku analia, anaomba afelishwe?

Si kuomba sapu, ule mtihani wa marudio. Si kuomba huruma. Kufelishwa kabisa.

Mimi nilikuwepo. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Tunduma wakati wa fildi, yale mafunzo ya kazi nje ya chuo, na simu ile aliipiga mimi nimekaa pembeni yake. Kisa ni chake, ameniruhusu nikisimulie. Haya, vuta kigoda.

Anaitwa Atupele. Alikuwa mwaka wa pili, sosholojia, na darasani alikuwa moto wa kuotea mbali.

Chuoni kwetu fildi si matembezi. Ni kozi kamili, ina alama zake. Ukiiangusha unairudia mwaka unaofuata, wenzako wanakuacha kwenye mataa.

Atupele alipangiwa shirika moja dogo pale mpakani, linalosaidia wanawake waliokimbia vipigo kwenye ndoa. Kazi yake kubwa ilikuwa kumfuatilia mama mmoja, ayaelewe maisha yake, amsaidie anapoweza. Mwishoni mhadhiri anakuja kumkagua akiwa na mama huyo.

Mama mwenyewe ndiye Nesta.

Nesta aliuza chai na maandazi kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mtu wa Itaka huyo, kule Mbozi kwenye mibuni. Mume alikuwa anampiga, na kila alipokimbilia kwa mama yake, mama alimrudisha.

"Vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo."

Siku aliyong'olewa jino kwa ngumi hakwenda tena kwa mama. Alipanda lori la mkaa mpaka Tunduma, na tangu hapo mama na mwana hawakusemeshana.

Yote hayo alimweleza Atupele, taratibu, siku baada ya siku. Wakawa kama ndugu.

Sasa sikia.

Jumanne ya wiki ya ukaguzi, mwanaume mmoja aliingia ofisini. Buti zina tope jekundu, kofia ameishika mkononi. Atupele alikuwa peke yake.

"Naitwa Osea. Nesta ni dada yangu, tumbo moja. Nimeambiwa huku mnamjua."

Atupele akakaa chonjo. Kanuni ya ofisi ilikuwa wazi: hakuna kumwonyesha mtu mahali alipo mama yeyote.

"Siwezi kukwambia alipo, kaka. Ila ukiwa na ujumbe, nitaufikisha."

"Basi mwambie mama yuko kitandani, hanyanyuki. Anamtaja yeye tu. Anasema, 'Nileteeni Nesta, nina neno naye.' Aje leo. Ikishindikana sana, kesho asubuhi."

"Nitamwambia leo leo."

Osea akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mungu akubariki, mdogo wangu." Akatoka mbio kuwahi gari, maana mgonjwa alikuwa amemwacha na watoto.

Atupele akabaki anatazama mlango.

Mhadhiri alikuwa anakuja Alhamisi. Nesta akienda Itaka, Alhamisi hayupo. Nesta asipokuwepo, ukaguzi hakuna.

Akajisemea: wagonjwa wa vijijini bwana, habari zao huwa zinaongezwa chumvi. Alhamisi mhadhiri akishaondoka tu, namwambia. Siku mbili ni kitu gani?

Jioni akaenda kwa Nesta. Alimkuta anafuta vikombe.

"Dada, Alhamisi ndiyo mgeni wangu anakuja. Usiniangushe."

"Siwezi kukuangusha." Nesta akamtazama, akaweka kikombe chini. "Huko ofisini kwema lakini?"

"Kwema kabisa! Halafu uvae kile kitenge cha bluu, kinakutoa."

Nesta akatabasamu, akammiminia chai. Atupele aliinywa yote, akaaga.

Alhamisi ikafika.

Daktari Lusubilo, mhadhiri wetu, aliketi kwenye benchi la wateja, malori yananguruma nyuma yake. Nesta alikuwa amependeza. Akaongea bila woga wowote.

"Huyu binti ananijali kuliko watu wa damu yangu."

Atupele akainamisha kichwa. Mhadhiri akadhani ni adabu.

"A, binti," alimwambia wakati anafungua mlango wa gari. "A isiyo na mjadala."

Vumbi la gari halijatulia, Tumpale, mama wa Itaka aliyeuza ndizi meza ya tatu, akaja anakimbia na simu mkononi.

"Nesta, pokea. Kaka yako."

Nesta akasikiliza.  Kisha akakaa chini pale pale kwenye changarawe, na kitenge chake cha bluu, akapiga ukelele mpaka madereva wakashuka kwenye malori kuangalia kuna nini.

Mama alikuwa amefariki asubuhi ile.

Jioni hiyo ndipo ilipopigwa ile simu.

"Daktari, naomba unifelishe."

"Atupele? Umekunywa nini?"

Akamweleza yote. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Alama hizo nitashughulika nazo mimi," alisema. "Lakini aliyefiwa si mimi. Unanililia mimi wa nini?"

Kesho yake alfajiri Atupele alipanda gari mpaka Mlowo, akachukua bodaboda, akapita Igamba, akafika Itaka watu wanatoka makaburini.

Akamtafuta Nesta kwa macho. Alikuwa amekaa peke yake, mgongo kwenye ukuta wa stoo ya kahawa. Wanawake wanapita na sahani za ugali, hakuna anayesimama kwake.

Shangazi mmoja alikuwa anasema kwa sauti, asikie kila mtu: "Mama anamwita siku mbili nzima, yeye anauza chai! Moyo huo ni wa mtu kweli?"

Atupele anasema angeweza kugeuza bodaboda. Hakuna aliyekuwa anamjua. Lakini miguu yake ilikwenda yenyewe mpaka katikati ya wazee.

"Nesta hakukataa kuja. Hakuambiwa. Ujumbe nilipewa mimi, nikauficha, kwa sababu nilitaka alama za chuo."



"Alama ndiyo nini?" bibi mmoja akauliza. 

Osea alisimama, akamwangalia. "Mimi nilikushika mkono," alisema. Basi. Akaondoka kwenda nyuma ya nyumba.

Afadhali angempiga.

Nesta akaja, akamvuta hadi kwenye mibuni. Atupele akapiga magoti, akaanza kuomba msamaha. Nesta akamnyanyua.

"Nilijua kaka alikuja."

"Ulijua?"

"Alipokuwa anawahi gari alikutana na Tumpale, wakapeana namba. Ya ugonjwa hakumwambia, si mambo ya kumwaga barabarani. Alisema tu kwamba amekuachia wewe ujumbe wangu. Tumpale akanipa habari, nikakusubiri uje uniambie."

Atupele akakosa pa kuweka uso.

"Ukaja unacheka. Unanichagulia kitenge. Nikasema basi, ni yale yale, mama ananiita nirudi kwa mume, na huyu mtoto amenionea huruma ndiyo maana hasemi. Ingekuwa jambo zito angekuja mbio. Hata hivyo nikakuuliza kama kwema. Ukasema kwema kabisa. Nikalala usingizi mzuri, Atupele. Mama yangu anakata roho, mimi nimelala, kwa sababu wewe ulikuwa unacheka."

Kisha akasema, kwa sauti ya chini sana: "Mama alikuwa na neno. Labda alitaka kuniomba radhi. Labda alitaka kunilaumu. Sitalijua mpaka nife."

Akamwacha hapo, akarudi kwa wanawake. Safari hii walisogea, wakampa nafasi kwenye mkeka.

Daktari Lusubilo aliifuta ile A. Mwaka huu Atupele anarudia fildi, amepangiwa Ibaba, kule Ileje. Wenzake wanamshangaa, kichwa kama kile kimerudishwaje. 

Msamaha hajapewa, na hajaudai.

Ndugu yangu unayesoma hapa, ujumbe wa mtu ukikabidhiwa, jua si mali yako. Usiupangie siku, usiupimie uzito. Upeleke ungali wa moto.

Na usijidanganye kwamba ukinyamaza hujasema kitu. Kuna mtu anakutazama usoni hapo ulipo, na anachokiona ndicho anachokiamini.