Jina Nililolishona Shingoni

Nilikwenda Palma kwa sababu ya kiraka. Cheka tu, ukimaliza nitakueleza.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Mtwara mjini, lakini nimezaliwa na kukulia Palma, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Nashona kimono, yale makoti mazito ya kuchezea jiujitsu, ile mieleka ya Kibrazili ya kubanana chini bila ngumi wala mateke. Biashara yenyewe ndogo: vyerehani viwili, binamu yangu Rukia anayekata vitambaa, na lebo niliyoiita Ng'ambo. Kila toleo linabeba safari moja. Nikienda mahali narudi na kitambaa cha huko, nakikata vipande vya ukubwa wa kiganja, kisha nashona kipande kimoja ndani ya kila koti, nyuma ya shingo, pasipoonekana na mtu ila mvaaji mwenyewe. Tanga nilirudi na kanga, Lamu nikarudi na kikoi. Vijana wa klabu za Dar wanazipenda na wananisifia ubunifu.

Ubunifu si wangu. Ni wa rafiki yangu Abdallah. Tulipokuwa vijana Palma, Mbrazili mmoja mchomeleaji, aliyekuja na kazi za gesi, alitufundisha mchezo huu jioni kwenye ukumbi wa shule. Koti la Abdallah lilichanika kola, naye akalitia kiraka cha kapulana, ile kanga ya Msumbiji isiyo na maandishi. Tukamcheka wiki nzima. Yeye akasema, "Chekeni. Nikienda Brazili kushindana, nyumbani kutakuwa shingoni kwangu."

Brazili hakufika. Vita ilipoingia Palma alivuka mto na mama yake, wakafikia kwa ndugu zao upande wa Tanzania, na homa ikamchukua hata mwezi haujaisha. Mimi nilikuwa Mtwara, mwendo wa saa chache tu, nikijiambia nitakwenda Ijumaa. Nilipofika walikuwa wameshamzika. Hilo halijanitoka moyoni mpaka leo.

Basi mwaka huu nikaamua kushona toleo la Palma. Makoti thelathini, na mahali pa kiraka sikuweka kitambaa, nilidarizi jina lake kwa uzi wa buluu: ABDALLAH. Niliona ndiyo njia ya kumlipa. Klabu moja ya Dar ikaahidi kuyachukua yote, wanataka wayavae mashindano ya mwisho wa mwezi. Nilikuwa nafunga mzigo Rukia aliponiuliza, "Mama yake umemwambia?"

Nikajifanya natafuta mkasi.

"Musa, nakuuliza wewe. Mama yake ameridhia?"

Ndiyo sababu ya safari.

Jumatano alfajiri niliondoka Mtwara kwa bodaboda, begi mgongoni, ndani yake koti moja la mfano. Njia ya Kilambo ilikuwa na vumbi jekundu, na nilipofika kivukoni nilifanana na tofali. Maji yalikuwa yamekupwa. Boti yetu ikakwama kwenye fungu la mchanga katikati ya mto, tukaambiwa tushuke tusukume. Mama mmoja mwenye kuku wawili alikataa katakata. "Nimelipa kubebwa, sijalipa kubeba," alisema, akabaki amekaa na kuku wake kama bibi harusi, sisi tukimsukuma.

Namoto, upande wa Msumbiji, saa tatu asubuhi. Ofisa wa mpakani alifungua begi langu, akalinyanyua koti.

"Karate?"

"Hapana, chefe. Jiujitsu."

"Ndiyo karate hiyo hiyo," akasema, akanigongea muhuri.

Toka Namoto nilipata pikipiki nyingine. Tulipopita Kionga nilianza kunusa mabibo yaliyoiva. Miaka yote hii nimekuwa nikisema nakumbuka nyumbani, kumbe nilikuwa nimesahau hata harufu yake. Dereva aliniuliza mbona kimya, nikamwambia vumbi limeniingia machoni. Akasema, "Wote wanaorudi linawaingia."

Palma niliingia karibu na adhuhuri, baada ya kuonyesha karatasi zangu kwa askari mara mbili. Kabla ya kwenda popote nilipita shuleni. Ukumbi wetu sasa una bati jipya, na ndani wamepanga magunia ya mchele. Hapo tulikuwa tunatandika majamvi ya ukindu juu ya mchanga tulioubeba wenyewe kwa ndoo, na ukibanwa chini dakika mbili unainuka na alama za ukindu shavuni. Wasichana walitujua kwa mashavu. Nilisimama mlangoni nikitafuta pale tulipokuwa tunatundika makoti, na misumari yetu miwili nikaikuta ukutani, yenye kutu, wa kwake juu na wa kwangu chini. Nilitamani sana awepo tubishane kuhusu ule wa juu ulikuwa wa nani.

Mama yake, Bi Mwanaisha, nilimkuta uani anapara samaki.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Shikamoo mama. Ni Musa."

Kisu kikasimama. "Musa yupi? Musa wangu mimi?"

Alinishika kichwa kwa mikono ile ile yenye magamba ya samaki, akanitazama, akalia kidogo, kisha akanisuta kwamba nimekonda na shati langu halina pasi. Tulikula ugali wa muhogo na samaki wa nazi. Nilikula kama mtoto, na kila nilipopumzika aliniongeza. Baada ya chakula nikanawa, nikatoa koti, nikalitandaza mkekani mbele yake. Nilitegemea machozi ya furaha. Nasema kweli, nilikuwa nimeshayapanga hata maneno ya kumtuliza.

Bi Mwanaisha hakusoma shule ya Kireno, lakini herufi chache anazijua. Akapitisha kidole juu ya uzi wa buluu.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Abdallah, mama. Nimeyashona thelathini. Watavaa vijana Dar, na kokote watakakokwenda watakwenda naye."

Kisha akauliza, "Nguo hii mnaivaa, mnafanyaje?"

"Si unajua mama? Ulikuwa unakuja kutuangalia."

"Ndiyo nakuuliza. Niliwaona. Mlikuwa mnagaagaa chini kama mbuzi, huyu kamkalia yule shingoni, huyu kamkanyaga yule. Na mtu akibanwa na haja anakwenda nayo chooni. Si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na jina hili lina jina la nani ndani yake?"

Hapo nikaelewa. Mimi niliyesoma chuo cha Kurani na mwanawe, mwalimu mmoja, jamvi moja! Pale chuoni hata kijikaratasi chenye jina la Mwenyezi Mungu kikianguka tulikiokota, tukakibusu, tukakichomeka juu ukutani. Abdallah maana yake mja wa Mungu, mtoto wa darasa la kwanza anajua. Nami nimelichukua jina hilo nikalishona mara thelathini kwenye nguo ya kukanyagiwa. Sikulifikiria hata mara moja. Nilikuwa nafikiria rangi ya uzi.

"Nisamehe mama. Sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Ungekusudia ningekupiga na huu mwiko." Akainuka, akaingia ndani, akarudi na kapulana ya zambarau yenye maua ya njano, imekunjwa vizuri. Alipoikunjua nikaona katikati yake kuna tundu la mraba, ukubwa wa kiganja.

"Aliikata bila kuniomba," akasema. "Kapulana yangu ya Idi! Nilimkimbiza mpaka kwa jirani. Nikavuka nayo mto, nikarudi nayo. Ichukue. Ondoa jina, weka hiki. Kitambaa kikikanyagwa ni kitambaa tu."

"Na koti lake liko wapi, mama? Lile lenye kiraka?"

"Nililitoa sadaka. Siku tunakimbia, Chande wa Namoto alituvusha na hakutaka nauli. Nilipokuwa narudi nyumbani nikampa. Nikamwambia alivae mpaka liishe."

Sasa nikwambie kilichokuwa moyoni mwangu, maana sikumwambia yeye. Niliona uchungu. Kufumua darizi nene kwenye makoti thelathini si kazi ya siku mbili, na uzi ukitoka unaacha matundu. Dar wasingenisubiri. Lakini hilo nilikuwa nalitanguliza tu ili nisilione la pili. Lile jina lilikuwa rambirambi yangu. Sikushika jeneza wala sikutia udongo kaburini, nikasema angalau nitashona. Na sasa hata hilo nanyang'anywa? Nikajibu, "Sawa mama," kwa sauti ya mtu ambaye hajasema sawa.

Naye mama wa watu si mjinga. "Musa, sikulazimishi. Makoti ni yako. Ila mimi ridhaa yangu umeisikia."

Alhamisi asubuhi nikaaga. Alinifungia korosho kwenye gazeti, akanisindikiza mpaka barabarani, akasimama pale mpaka pikipiki ilipokata kona. Njia nzima ya kurudi nilikuwa napiga hesabu za kijinga. Labda niyauze haya thelathini kimyakimya, halafu yajayo niweke kiraka. Palma na Dar wapi na wapi! Mama yule hatayaona maisha yake yote.

Namoto nilifika saa nne. Nikaulizia Chande, nikaonyeshwa mtu mrefu aliyekuwa anakumba maji kwenye boti yake. Alikuwa amevaa koti la Abdallah. Lilikuwa jeupe zamani. Sasa lina rangi ya mto, mikono imekatwa kwenye viwiko, kola imechakaa nyuzi tupu. Nilipanda, nikakaa nyuma yake, na tulipofika katikati ya maji upepo ukaigeuza ile kola. Kiraka kilikuwa bado kipo. Zambarau imepauka, ua moja la njano, na mshono wake mbaya kabisa, wa mtu asiyejua kushika sindano. Nilicheka kwa sauti, na machozi yakinitoka.

Chande akageuka. "Vipi ndugu yangu, unaogopa viboko?"

"Hapana. Naliangalia koti lako. Nina jipya begini, hebu tubadilishane. Mimi ndiye mshonaji."

Akajikagua kifuani, akatikisa kichwa. "Hili nimepewa sadaka. Sadaka nibadilishe sokoni? Hapana, bwana. Yule mama kaniambia nilivae mpaka liishe, nami nalivaa. Asubuhi huku kuna baridi, wee acha tu."

"Haya, nimekoma."

Akapiga kasia mara mbili tatu, kisha akauliza, "Lilikuwa la nani? Yule mama hakunitajia, nami sikupenda kumchokonoa."

Miaka yote hiyo nilikuwa sijalitamka jina lake mbele ya mtu asiyemjua. Nimelipima, nimelichora, nimelishona mara thelathini, kulitamka sijalitamka.

"La Abdallah," nikasema. "Rafiki yangu, mwanawe marehemu."

Chande akaacha kasia, akainua mikono yake yenye maji. "Mungu amrehemu Abdallah," akasema. "Mungu amsamehe, amlaze pema." Boti ikawa inapelekwa na maji wakati anamwombea mtu aliyembeba siku moja tu. Nikaitikia amina. Alipomaliza akashika kasia, akalalamika kwamba mkondo umetusogeza.

Ijumaa Mtwara, baada ya sala, nilipiga simu Dar nikawaambia makoti hayatawahi mashindano, wasisubiri. Walinisema, na walikuwa na haki. Kisha nikakaa na wembe. Rukia alitaka kunisaidia nikamkatalia. Nilifumua jina moja moja, herufi kwa herufi, na kila nililolimaliza nililitamka na kumwombea, kama nilivyomwona Chande akifanya. Thelathini, na lile la mfano la thelathini na moja. Ilinichukua siku tano, na vidole vilijaa mikwaruzo. Rambirambi niliyotaka kuitoa kwa uzi nikaitoa kwa mdomo, na kusema kweli ilinituliza zaidi.

Siku ya tano nilibakiwa na koti moja. Nilipotoa uzi wa mwisho nililiinua dirishani kutazama kama kitambaa kimeharibika. Mwanga ulipita kwenye matundu ya sindano na jina likasomeka lote, herufi nane, bila uzi hata mmoja. Nililisoma. Kisha nikachukua kipande cha kapulana ya Bi Mwanaisha, nikakiweka juu yake, nikakishona kwa mkono, kwa mshono mbaya kama ule wa Abdallah.