Nilisingizia Tumbo, Wakakuta Mshipa

Saa mbili asubuhi nilisingizia ugonjwa. Ilipofika saa nne nilikuwa nao kweli, tena na picha yake.

Mimi ni fundi cherehani. Kilo mia na hamsini na sita. Mwezi mmoja kabla ya upasuaji wa kupunguza tumbo nilijishonea suti ya yule mwembamba nitakayekuwa, nikaitundika mlangoni pa duka. Wateja wakawa wananiuliza kama ni ya mwanangu.

Mke wangu naye hakuniacha. "Mume wangu, mkaagane vizuri na hilo tumbo. Tumeishi wote watatu."

Mbwembwe zote hizo, siku yenyewe ujasiri ukaniishia koridoni. Nimelala kwenye kitanda cha magurudumu, kinalia kwi kwi, na mimi nakisaidia kimoyomoyo.

Sasa nitasemaje naogopa, na suti iko mlangoni?

Nikaona afadhali niumwe.

"Dada," nikamwambia muuguzi, "tumbo linakata."

"Wapi?"

Mkono wa kulia una dripu. Nikatumia wa kushoto, nikagusa palipofikika, chini ya mbavu.

"Hapa hapa?"

"Hapo hapo, dada. Kama mkasi."

Nilijua nitapewa vidonge nirudi nyumbani. Thubutu. Wakanisukuma hadi kwenye mashine ya picha.

Daktari wa upasuaji akaja na picha, hana utani. Akatuonyesha, mimi na mke wangu: mshipa wa damu unaokwenda kwenye bandama ulikuwa umetuna, kama tyubu ya baiskeli inayochungulia kwenye tairi lililochanika.

"Ukipasuka huu, hatuna muda wa kukuwahi. Na leo tungekuwa tunakata jirani yake kabisa, bila habari."

Mke wangu akanishika mkono. Utani ulikuwa umemkauka.

"Ila kitu kimoja sielewi," daktari akasema. "Uvimbe huu mara nyingi hauumi. Wewe uliusikiaje?"

Nikatazama dari. Dari safi sana ile.

"Mume wangu," mke wangu akaita polepole, "tumbo lilikuwa linauma?"

"Lilikuwa linaogopa."

Waliuziba mshipa kwa waya mwembamba, wakipitia kwenye paja. Tumbo likapunguzwa miezi mitatu baadaye, na safari hiyo nilisema naogopa, korido nzima ikasikia.

Msiende kuwadanganya madaktari. Bahati yangu haina kipande cha pili. Ukiogopa, sema. Na anayetaka kukufungua, muulize kama ameshachungulia. Hata mimi sikati kitambaa sijapima.

Suti nimeivaa juzi. Inanibana kwapani.

Lakini nipo wa kubanwa.