Dozi Haipunguzwi

Mama Milango aliudhika kwanza kwa sababu alikuwa mwembamba. Angekuwa na kitambi kama cha shemeji yake, asingesema neno. Lakini yeye, mwanamke wa mifupa na mishipa, anayeinua mlango wa mbao ngumu peke yake na kuuegemeza ukutani, kuambiwa na daktari wa kliniki kwamba damu yake imejaa mafuta? Aliona amesingiziwa.

Aliuza milango na madirisha yaliyong'olewa kwenye nyumba zinazobomolewa. Biashara hiyo ilimfundisha kwamba neno la kwanza la mtu si neno lake la mwisho. Basi daktari aliposema kidonge kila siku, na huenda ikawa maisha yote, yeye alisikia bei ya kufungulia. Akaomba ameze siku moja aruke moja. Daktari akakataa. Akaomba ameze mpaka lehemu, hayo mafuta ya damuni, ishuke, kisha waachane. Daktari akakataa tena, bila hata kuguna, na hilo ndilo lililomuuma. Muuzaji gani huyu asiyesogea hata kidogo?

Lakini nafasi ya kufanyia ugonjwa mzaha hakuwa nayo. Dada yake mkubwa alikuwa amelala chumba cha nyuma, kiharusi kimemwacha na upande mmoja tu wa mwili unaomtii. Mama Milango ndiye aliyemwogesha, kumlisha na kumgeuza. Akianguka na yeye, hakuna wa tatu.

Vidonge akaanza kumeza kwa kununa, huku akitafuta kwingine. Alijiunga na darasa la yoga kwenye ukumbi nyuma ya karakana ya magari, akajikunja juu ya mkeka huku nyundo zinalia upande wa pili. Mwalimu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliwafundisha pia mambo ya Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi: chakula chepesi jioni, dengu na mboga badala ya vya kukaanga, kutembea, kuvuta pumzi taratibu. Mama Milango aliyashika yote, hata lile la kukaa kimya, ambalo majirani hawakuamini mpaka walipokuja kuchungulia.

Mlangoni mwa ukumbi huo shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa ameweka meza ya makopo ya unga wa kijani. Mama Milango akamlalamikia: vidonge vinamtia maumivu ya mapaja, na mwisho wake hauonekani.

"Achana navyo, shemeji," akamwambia. "Kijiko asubuhi, kijiko jioni, umemaliza."

Alirudi nyumbani kifua mbele, kopo mkononi. Hatimaye kapatikana mtu anayepunguza.

Kipimo kilichofuata kilionyesha lehemu imepanda kupita mwanzo. Akatoka kliniki akifoka njia nzima hadi kwa mwalimu wa yoga, akamwambia mikunjo yake ni utapeli mtupu. Mwalimu akamwacha amalize, kisha akauliza vidonge viko wapi.

"Niliviacha."

"Kwa ruhusa ya nani, mama? Mimi nimekufundisha pumzi na sahani. Nilikwambia lini utupe dawa? Na huo unga hata mimi sijui una nini ndani. Mpelekee daktari."

Hapo hasira ikabadilisha njia. Kwenye kazi yake, anayeshuka bei ukifungua tu mdomo ana mlango ulioliwa na mchwa ndani. Ndiyo maana yeye hugonga kila ubao kabla ya kushika mkoba. Kwa shemeji hakugonga.

Alimkuta na wateja wake. Shemeji akacheka, akadai unga unataka subira na moyo safi.

"Dada yangu amelala kule," Mama Milango akasema, bila kupaza sauti. "Ningelala pembeni yake, ungekuja kutugeuza wewe?"

Shemeji akaanza kupanga makopo ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Mteja mmoja akarudisha lake mezani, taratibu, akaondoka.

Kesho yake Mama Milango alimwekea daktari kopo mbele na kumweleza habari ya mapaja. Daktari akaamuru damu ipimwe tena, akamwandikia vidonge vya aina nyingine, na yoga na dengu akamwambia aendelee nazo.

"Kumbe unasogea," Mama Milango akamwambia kwa uchungu. "Mbona siku ile ulikuwa kama ukuta?"

"Siku ile ulitaka nipunguze. Leo umeniambia panapouma."

Hakumshukuru. Jioni alimeza kidonge amekunja uso, akaingia chumba cha nyuma, akamgeuza dada yake ubavu wa pili.